Firigisi ya Mzee Mukhwana

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, palikuwa na mbwa aitwaye Bosi, na Bosi alikuwa na walimu watatu.

Nasambu, binti wa nyumba, alimfundisha kuketi na kutokula kitu mpaka aambiwe "haya". Ilimchukua wiki mbili na ugali mwingi. Kaka yake, Lusweti, alimfundisha kuleta. Lete kiatu, kinaletwa. Lete kofia, inaletwa. Bibi yao, Khakasa, alimfundisha kumpa mgeni mkono. Majirani walikuja kutazama, na kila mwalimu alijisifu.

Siku ikafika, Wabwile, kijana aliyempenda Nasambu miaka mitatu, akamleta baba yake, mzee Mukhwana, kuposa. Jogoo akachinjwa. Kwao firigisi ni ya mgeni mkubwa, na asipoiona ametukanwa. Nasambu akaiweka juu ya nyama zote kwa mkono wake, akaacha sahani kigodani, akaenda kupakua ugali.

Sahani ikafika mezani. Mzee Mukhwana akageuza vipande, kimoja kimoja. Akavigeuza tena. Firigisi haipo.

Bosi akaingia kutoka jikoni. Firigisi i mdomoni, haijaguswa na jino. Akaiweka juu ya kiatu cha mzee, akaketi, akatoa mkono.

Mzee akaushika, maana ni mtu wa heshima.

"Mbwa anajua ni ya nani," akasema. Akanawa mikono, akaenda zake na njaa yake.

Kesho yake neno likaja kutoka kwa mzee: aliyemfundisha mbwa yule alete jogoo mwingine, akiri kosa mbele ya ukoo. Jua likitua hajaja mtu, posa imekwisha.

Lusweti akasema, "Mimi nilifundisha kuleta tu. Nasambu ndiye aliyemkataza kula. Angekula, tungesema jogoo alizaliwa bila firigisi, yakaisha."

Nasambu akasema, "Mimi nilimfundisha adabu. Mbwa asiyejua kubeba vitu angeketi jikoni akaitazama. Na kama si Bibi, angekupelekea wewe, Lusweti, si mgeni."

Bibi Khakasa akasema, "Mjukuu wangu, mimi nilifundisha salamu. Tangu lini salamu ikavunja posa? Na sahani kigodani niliiacha mimi?"

Nasambu angeweza kwenda. Lakini atakayekwenda ataitwa Firigisi na watu wa ukoo ule mpaka azeeke, na yeye ndiye wa kuishi nao. Asipokwenda mtu, hataishi nao kabisa, na yeye alimpenda Wabwile. Hilo lilimuuma kuliko jina.

Ikawa saa kumi. Jogoo amefungwa miguu, yuko mlangoni. Watatu wanatazama chini. Bosi, alipoona hakuna anayesema, akaketi katikati yao, akainua mkono.

Enyi mnaosikiliza, jua haliwangoji. Je, nani alistahili kumbeba jogoo yule?