Mke Aliyekosa Kanisa la Kumzika

Hapo zamani, zamani ambayo bibi zenu bado wanaikumbuka, kwenye miteremko ya chai na migomba aliishi seremala mmoja, Ambakisye, na mkewe Atupele. Walikuwa na binti mmoja, Lugano. Walisali Kanisa la Mlimani, na Atupele aliimba kwaya.

Ambakisye alijifunza kusoma ukubwani. Akaisoma Biblia hadi jalada likabanduka, na kadiri alivyosoma ndivyo raha ilivyomtoka. Siku moja akafunga kitabu.

"Mama Lugano, hapa wanabatiza watoto wachanga. Nimetafuta, sijaona palipoandikwa. Hapa si penyewe."

"Na wenzangu wa kwaya?"

"Tunafuata neno, hatufuati watu."

Wakahama. Mchungaji Mwasomola wa Mlimani akawafuata nyumbani, akabisha hodi. Walikuwa ndani, hawakufungua. Akarudi, akayafuta majina yao katika daftari la kanisa.

Wakaenda Kanisa la Mtoni, linalozamisha watu wazima. Ambakisye akazama, akaibuka akilia kwa furaha. Atupele akabaki ukingoni.

"Nilibatizwa mikononi mwa mama yangu marehemu," alisema. "Siwezi kumwambia kwamba yale yalikuwa maji tu."

Mzee Ndimbwa, kiongozi wa Mtoni, akamjibu kwa upole, "Tutakungoja, dada. Lakini mpaka uzame, meza ya Bwana hutashiriki."

Mwaka mzima Atupele alikaa benchi la nyuma, mkate ukimpita.

Kisha Ambakisye akafunga kitabu tena. "Hapa wanasema wao peke yao ndio watakaookoka. Nimetafuta, sijaona palipoandikwa. Hapa si penyewe."

"Sasa tunakwenda wapi, baba Lugano?"

"Tutasali nyumbani, mpaka nilione kanisa la kweli."

Wakasali watatu, sebuleni, kati ya mbao na randa. Atupele akianza wimbo, hapakuwa na wa kumwitikia. Akaacha kuimba.

Masika yalipoingia, akaugua kifua. Dawa za zahanati hazikufua dafu. Akamshika mumewe mkono.

"Niitie mchungaji. Yeyote. Nataka nishiriki meza kabla sijaenda."

"Nikimwita mmoja wao, nimekiri kwamba anafundisha kweli. Nipe mpaka Jumapili nipime."

"Mimi sikuombi mafundisho, mume wangu. Nakuomba watu."

Ijumaa akafa.

Ambakisye akapanda Mlimani. Mchungaji akasema, "Jina lake halimo." Akashuka Mtoni. Mzee akasema, "Maji yalikuwepo, hakuyataka." Basi akamzika mwenyewe, na majirani wachache. Akafungua Biblia kaburini, akapekua, akapekua, asipate la kusoma.

Lugano akamvuta shati. "Baba, mama ni wa kanisa gani?"

Ambakisye akafunga kitabu.

Siku ya kuanua matanga, baba yake Atupele, Mwambenja, akawaita mchungaji, Mzee Ndimbwa na Ambakisye. "Nani alimwacha mwanangu?"

Mchungaji akasema, "Mimi nilibisha hodi. Aliyenifungia mlango nitamchungaje? Nikimzika aliyeondoka, waliobaki niwaambie nini?"

Mzee Ndimbwa akasema, "Mimi sikumfukuza. Kumpa mkate kinyume cha ninachoamini kungekuwa kumdanganya."

Ambakisye akasema, "Mimi niliogopa kumkabidhi mke wangu kwa mwalimu wa uongo. Nilitaka afike salama."

Mwambenja akainamisha kichwa. "Nami alinijia akilia. 'Baba, upweke utaniua.' Nikamwambia mke humfuata mumewe, arudi kwake."

Hapakuwa na aliyemnyooshea mwenzake kidole. Wakaondoka, mchungaji akipanda Mlimani, Ndimbwa akishuka Mtoni, Mwambenja akibaki ameketi mkekani. Tangu siku hiyo Ambakisye hakukanyaga kanisa lolote, wala kile kitabu hakukifungua.

Mimi niliyepewa hadithi hii sikupewa jibu lake. Ninyi mnaonisikiliza, nijibuni: kati ya hawa wanne, ni nani aliyemwacha Atupele afe bila watu? Na kama Lugano angekujia wewe Jumapili, akakuuliza akasali wapi, je, ungemwonyesha mlango upi?