Alhamisi Nne za Senzighe

Wema wa kupimwa huishia kwenye kipimo. Mmeisikia, mkacheka, mkauliza imetoka wapi. Na wewe uliyesoma ukasema wanasheria wana neno lao la Kilatini, quid pro quo, yaani nipe nikupe, na dunia nzima ndivyo inavyokwenda. Sawa, sokoni iende hivyo. Ila methali hii ilianza hivi, tena kwa makelele.

"Mbonea! Mke wangu anakufa, wewe unaniongelea maji?"

"Naongelea yote mawili! Bega langu hili hapa. Nipe zamu yako ya Alhamisi, mwezi mzima."

Walikuwa nyumbani kwa Senzighe, juu kabisa milimani Upare. Nakijwa, mkewe, alikuwa kajifungua alfajiri ile na damu haikatiki. Gari halifiki kule. Mgonjwa hushushwa kwa machela mpaka barabarani, na machela inataka mabega manne. Matatu yalishapatikana. La nne lilikuwa la Mbonea, jirani wa mlango wa pili, waliyeingia naye jando siku moja.

Na jamani, Mbonea hakuwa mtu mbaya. Maharage yake yalikuwa kwenye maua, yananyauka, na maji ya mfereji kila shamba hupata siku moja tu kwa wiki. Akaona hapa ndipo pa kumbana mtu.

"Chukua," Senzighe akasema. "Chukua Alhamisi zote. Beba!"

Akabeba, tena vizuri, hakuomba kupokewa mpaka chini. Nakijwa akapona. Na kila Alhamisi Senzighe alikwenda mwenyewe kufungua maji yaelekee kwa Mbonea. Maharage yakazaa mpaka watu wakasimama kuyatazama.

Lakini Senzighe hakuja tena kuomba moto. Hakuja kuonja pombe. Wakikutana njiani, ni "habari", "nzuri", kila mtu na njia yake. Mbonea akajidanganya kwamba mwenzake kachoka tu, mtoto mchanga nyumbani.

Mpaka alipokuwa anamwoza binti yake. Akaenda kwa Senzighe, akakuta Nakijwa ananyonyesha.

"Ndugu yangu, Jumamosi wakwe wanakuja. Nataka ukae nami, tuwapokee pamoja."

"Kwa kipi?"

"Kwa kipi vipi, bwana? Si mtoto wako yule!"

"Alhamisi zilikuwa nne, Mbonea. Nimetoa nne. Tumemalizana."

"Leo sijaja na masharti."

"Umechelewa." Senzighe hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma. "Siku ile ungebeba tu ukanyamaza, maji ningekupa mwaka mzima. Bila kuombwa. Ulitaka nne, ukapata nne."

Mbonea akamtazama Nakijwa, labda atatia neno. Nakijwa akambadilisha mtoto titi la pili, akainamisha kichwa.

Mbonea akasimama. Alikuwa na mengi ya kusema, likatoka moja tu:

"Kumbe wema wa kupimwa huishia kwenye kipimo."

Akatoka, akaufunga mlango.