Kiti cha Bwana Mifugo

Hapo zamani, wala si zamani ya majitu na mazimwi, ni zamani ya juzi tu, paliishi chini ya milima ya Upare bwana mifugo mmoja, jina lake Elinihaki. Mabwana mifugo wenzake walipanda vipikipiki vyembamba vinavyolia kama mbu mwenye mafua. Elinihaki alipanda dubwana! Pikipiki pana kama kitanda cha watu wawili, aliyoachiwa na mhandisi mgeni aliyejenga barabara. Ilikuwa na silinda mbili zilizosimama mguu pande: chini zimekutana, juu zimeachana. Nguvu yake ingeweza kuvuta kanisa na kwaya ndani. Naye aliitumia kwenda kuchoma ng'ombe sindano.

Mlio wake sasa! Haukunyooka, ulichechemea: dukudum... kimya... dukudum... kimya. Ng'ombe wakiusikia, wanakata kamba. Mkewe akiusikia, anabandika chai. Jirani yake Zefania Mchome akiusikia, anakwenda ofisi ya mtaa kushtaki kelele. Na Mchome huyo, ndugu zangu, kazi yake ni kupiga ngoma kubwa ya matarumbeta! Mtu mwenye ngoma kubwa kuliko tumbo lake anashtaki kelele! Msicheke, majirani wa hivyo mnao.

Basi, mauti hayapigi honi. Elinihaki akaugua, akajua haponi. Akamwita binti yake wa pekee, Nakijwa.

"Mwanangu, nilikuahidi nini?"

"Kunipeleka kanisani kwa pikipiki siku ya harusi yangu, baba."

"Sitafika. Nayo imeanza kugonga tumboni, tunaugua pamoja. Sikiliza. Atakayeifufua, huyo akalie kiti changu. Akupeleke, akushike mkono mpaka madhabahuni. Asipopatikana, panda mlima kwa miguu. Ila usithubutu kupanda gari la kukodi lenye maputo!"

Akafumba macho. Pikipiki ikaingizwa bandani, ikafunikwa turubai. Miaka mitatu.

Nakijwa akapata mchumba, harusi ikapangwa. Wajomba wakashona suti, kila mmoja akijiona yeye ndiye mshika mkono. Nakijwa akawapikia pilau, akawashukuru, kisha akaenda kufunua turubai na kumwita fundi Mbonea.

Mbonea alikuwa fundi wa bodaboda. Alihamia mjini baada ya mazishi, kwa hiyo dubwana lile hakuwahi kulisikia likiwa zima. Pikipiki ya silinda moja anaifungua huku anakula muhogo. Ya silinda mbili hajawahi kuigusa. Lakini fundi gani husema sijui? Akaikokota hadi gereji yake, kule upande wa pili wa mji.

Akafungua, akatazama, akaguna. Kwenye chujio la hewa panya alikuwa amelea wana, wajukuu na vitukuu. Mbonea akawahamisha mmoja mmoja, kwa heshima. Petroli iliganda kama gundi. Kabureta imeziba. Nyaya zimetafunwa. Akaosha, akapuliza, akasugua, akaunga, wiki tano! Mkewe akamwambia, "Baba Eliza, kwa harufu hiyo usisogee jikoni, utatulipua."

Siku moja akaiwasha, ikawaka. Ikagonga: ko! ko! ko! Akazima haraka. Akafungua, akatazama, akaguna. Kwenye silinda ya nyuma, bushi, kile kipete cha shaba kinachoshika pini ya pistoni, ilikuwa imelika ikaisha. Akajaribu kuweka ya bodaboda. Ilikuwa ndogo kama kofia ya kichanga kwenye kichwa cha mjomba.

Akaenda kwa Namsifu, mwanamke mkereza vyuma, ambaye mashine yake ikizunguka hata radi haisikiki. Namsifu akageuza kipete kilicholika vidoleni.

"Shaba ya bomba ni laini, itakufikisha getini tu. Hapa inatakiwa shaba ngumu ya kale."

"Iko wapi?"

Namsifu akamrudishia kipete chake. Mji mzima ulikuwa na kipande kimoja tu, nacho kilikuwa jikoni kwake: mchi mdogo wa kutwangia iliki, aliorithi kwa mama yake. Kiganja cha mama kilikuwa kimeacha alama katikati ya mchi ule, mahali pa kushikia. Siku mbili Mbonea akauomba, Namsifu akakataa. Siku ya tatu akaja Nakijwa.

"Dada Namsifu, sijaja kuomba mchi. Nimekuja kukuambia kwamba nitapanda mlima kwa miguu, na usije ukajilaumu."

"Hapo ndipo umeniomba, mjanja wewe!"

Akaufunga mchi kwenye mashine. Akaanzia pale penye alama ya kiganja, maana ndipo palipokuwa na unene uliotakiwa. Tangu siku ile chai ya Namsifu haina iliki.

Mbonea akarudisha bushi, akafunga kila nati. Jumatano akaiwasha. Ko! ko! haipo tena. Ila ikalia: dukudum... kimya... dukudum... kimya.

Mbonea akashika kichwa. Kwake yeye injini inayochechemea ni injini mgonjwa. Bodaboda ikilia hivyo, fundi hulala na njaa! Harusi Jumamosi, na hii inakosa mapigo! Akahangaika, akajaribu hiki, akajaribu kile, mwisho akachomoa waya wa plagi ya silinda ya mbele. Silinda ile ikalala. Iliyobaki ikalia vizuri kabisa: tu, tu, tu, tu. Mbonea akafuta jasho, akauficha waya chini ya tangi, akaipeleka nyumbani kwa kina Nakijwa kifua mbele.

"Mbona kama siyo?" Nakijwa akauliza.

"Imepona, dada. Sasa inalia kistaarabu."

Mama Nakijwa akasema taratibu, "Hata mtu akitoka kuugua, sauti hubadilika." Hakubandika chai.

Alhamisi wakaenda kuijaribu kwenye mlima wa kanisa, unaoitwa Vunjagoti. Mbonea mbele, Nakijwa nyuma. Tu, tu, tu... robo ya mlima. Tu... tu... nusu ya mlima. Kuku akawapita. Nawaambia kuku, tena mwenye vifaranga! Ikazima. Nakijwa akashuka, akakaa juu ya jiwe, akavua viatu.

"Nazoea miguu," akasema, na machozi yakamtoka.

Hapo akawa anateremka Zefania Mchome kutoka mazoezini, ngoma tumboni. Alikuwa ameshapita. Akasimama. Akarudi.

"Fundi. Mwenzake yuko wapi?"

"Mwenzake nani, mzee?"

"Wa pili! Hapa anapiga mkono mmoja. Marehemu alikuwa anapiga hivi." Mchome akainua kirungu, akaipiga ngoma yake: dukudum... kimya... dukudum... kimya. "Miaka kumi na moja nimeuchukia mlio huu. Naujua kuliko sauti ya mke wangu."

Mbonea rangi ikamtoka. "Hivyo ndivyo ilivyokuwa ikilia? Ikiwa nzima?"

"Hivyo hivyo, Mungu anisamehe."

Mbonea akaingiza mkono chini ya tangi, akautoa waya, akauchomeka.

Dukudum!

Wakapaa Vunjagoti kama wamesukumwa na upepo. Mabondeni ng'ombe waliolala miaka mitatu kwa amani wakakata kamba. Nakijwa aliporudi nyumbani alimkuta mama yake jikoni, birika linachemka, yeye amesimama na kifuniko mkononi.

"Nimetoa vikombe viwili," mama akasema. "Mkono umetoa wenyewe."

Ikafika Jumamosi. Nakijwa ndani ya shela, pikipiki imeng'arishwa mpaka wajomba wakaona suti zao ndani yake. Kiti cha nyuma ni cha bibi harusi. Cha mbele ni kimoja, na Mbonea, Namsifu na Mchome, wote watatu wanajua kuendesha. Nakijwa akauliza, "Nani aliyeifufua?"

Mbonea akaruka mbele. "Mimi! Wiki tano! Panya niliwahamisha kwa mikono hii! Bila mimi lile ni kichuguu chenye magurudumu!"

Namsifu akacheka. "Wewe uliyetuletea nusu pikipiki ukasema imepona? Leo ungempandisha bibi harusi kwa kusukuma, shela linafagia vumbi. Mimi ndiye. Mle ndani mchi wa mama yangu unapanda na kushuka."

"Kipete! Kitu ambacho kuku angekimeza!"

"Kitoe basi, uone kama utafika getini! Na msiniambie mimi mwanamke. Marehemu alisema atakayeifufua, hakusema atakayeifufua mwenye ndevu."

Wakinamama wakapiga vigelegele. Ndipo Mchome akakohoa.

"Na mimi nakidai kiti hicho."

Watu wakaangua kicheko. Mjomba mmoja akasema, "Mzee Mchome, si ulimshtaki marehemu mara tisa?"

"Kumi na nne," Mchome akajibu. "Tena semeni na hili: Jumatano niliisikia inalia nusu, nikanyamaza. Nikasema moyoni, afadhali, tumepumzika. Alhamisi niliwapita mlimani, nikarudi. Ninyi wawili mlitengeneza chuma, kikazunguka, na mama mwenye nyumba hakubandika chai. Nilipoipiga ngoma ile pale mlimani, ndipo akabandika. Sasa niambieni, aliyefufuka ni chuma au ni Elinihaki?"

Mbonea akatazama mikono yake, grisi haijatoka kwenye kucha.

Wakamgeukia Mama Nakijwa. Akatikisa kichwa. "Msiniulize mimi. Mimi nikiisikia tu, naenda jikoni."

Kengele ya kwanza ikalia, juu kule Vunjagoti. Nakijwa akapanda kiti cha nyuma, akakusanya shela lake mapajani. Akanyoosha mkono, akaiwasha mwenyewe. Dukudum... kimya... dukudum... kimya. Kiti cha mbele kitupu.

Kuna aliyeitoa kaburini, kisha akataka kuizika nusu kwa kutojua. Kuna aliyetoa kiganja cha mama yake. Kuna aliyeichukia kwa bidii hata akawa mtunza sauti yake. Mkitoa mmoja, mlima haupandwi. Na msinijibu wapande wote, kiti ni kimoja, na marehemu hakusema "watakaoifufua."

Haya, ninyi mlioshiba na kukaa mkinitazama: bibi harusi amekaa, petroli inaungua, kengele ya pili hiyo. Je, nani alistahili kukalia kiti cha Bwana Mifugo?