Kwa Nini Redio Hutafutana Kabla ya Kunena

Sogeeni karibu, wajukuu wangu, magoti yagusane. Anayetafuna muhindi aumalize kwanza. Nataka kimya. Hadithi hii niliipata kwa marehemu shangazi yangu Nasimiyu, naye hakuisimulia hata mara moja bila kukatika sauti katikati.

Zamani hizo sauti zilikuwa na miguu. Zilitembea ardhini kama sisi, zikizunguka mabonde saba yaliyopangana kwa duara, na kila bonde lilikuwa na mwenyewe: Sauti Kubwa, yenye kifua cha ngoma. Mwenye bonde akisafiri, sauti ndogo isiyo na kwao iliruhusiwa kuingia na kukaa. Lakini ilipaswa kusimama ukingoni kwanza, isikilize. Na mwenyewe akivuma tu kwa mbali, mgeni abebe mkeka wake aondoke, hata kama ugali uko motoni.

Basi kulikuwa na mjane mmoja wa hizo sauti ndogo, jina lake Nanjala, aliyezaa pacha, Mukhwana na Mulongo. Aliwalea kwa kipimo kimoja. Mmoja akinyonya, mwingine anyonye. Mmoja akichapwa, mwingine naye achapwe hata kama hana kosa. Akawapa mwiko mmoja: pacha haketi mwenzake akiwa njiani.

Walipokua wakaenda mabondeni kutafuta riziki. Siku moja mwenye bonde alirudi ghafla, akivuma kama mvua ya mawe. Pacha wakakurupuka, huyu kulia, huyu kushoto, wakapotezana.

Siku ile ile mjumbe akamkuta Mulongo. Mama yenu hali yake si nzuri, akamwambia, anataka kuwabariki. Na pacha, wajukuu wangu, hawabarikiwi mmoja mmoja. Mkono wa kulia juu ya kichwa cha huyu, wa kushoto juu ya kichwa cha yule, kwa pumzi moja. Ukimbariki mmoja peke yake umemlaani mwenzake. Kwa hiyo Mulongo hakwenda nyumbani. Alikwenda kumtafuta ndugu yake. Mukhwana naye, asiyejua lolote la mama, alikuwa akimtafuta yeye.

Walitembea mwendo ule ule waliofundishwa, bonde moja kwa siku. Mulongo akifika la tatu, Mukhwana yuko la tano. Akifika la tano, Mukhwana yuko la saba. Kila mahali alikuta jivu la ndugu yake limeshapoa. Mwisho Mulongo akawaza, heri nigeuke nimkute kwa mbele. Akageuka. Asubuhi hiyo hiyo Mukhwana naye akawaza vivyo hivyo, akageuka. Mwezi ukaisha.

Mwenye bonde la nne alikuwa bibi mmoja mkali, Nabangala, mfinyanzi. Alikuwa anafunga vyungu vyake aende kwa binti yake siku saba, ndipo akamwona Mulongo amesimama ukingoni.

“Juzi kapita mwingine mwenye pua hiyo hiyo, analia kilio hicho hicho,” akasema. “Mama yenu aliwazaa wawili, akawapa akili moja mgawane.”

Mulongo akamweleza yote, akauliza afanyeje.

“Keti.”

“Mama, pacha haketi mwenzake akiwa njiani.”

“Basi zungukeni mpaka azikwe. Mwanangu, mmoja wenu lazima akubali kuwa mbaya.”

Akajitwika vyungu akaenda zake, bonde likabaki wazi. Mulongo akaketi. Shangazi alisema miguu yake ilitetemeka siku zote hizo kama ya mbuzi aliyefungwa, kwa kuwa alizisikia hatua za ndugu yake moyoni, naye ametulia kama mtu asiyependa mtu. Siku ya tano Mukhwana akatokea bondeni, amekonda. Hakumkumbatia. Alimtazama pale chini.

“Umeketi, Mulongo?”

“Nimeketi.”

Hapo ndipo wote wawili walipolia. Mulongo akamweleza habari za mama, wakakimbia. Walipofika uani, jirani akawapokea mikeka bila kuwatazama usoni. Nanjala alikuwa amezikwa jana yake. Alikufa mikono yote miwili imeinuliwa, akasema jirani. Walimsihi aishushe apumzike, akakataa, akisema wanangu wamo njiani.

Pacha wakaona haya kukanyaga tena udongo ule aliolala mama yao. Wakapanda hewani, na sauti zote zikawafuata.

Na tangu siku hiyo sauti husafiri hewani bila waya. Watoto wa Sauti Kubwa, hizi stesheni zinazovuma mchana kutwa, walirithi mabonde, ambayo sasa ni njia za hewani, kila moja na lake. Watoto wa pacha, redio hizi ndogo za watu kuitana, zisizo na njia yao wenyewe, walirithi kusimama ukingoni na kusikiliza, na kuhama mwenyewe akirudi. Uzao wa Mukhwana ulirithi miguu. Uzao wa Mulongo ulirithi kuketi. Ndiyo maana redio mbili zikitafutana, moja huzipitia njia zote mbio mbio, nyingine hukawia katika moja, mpaka zikutane. Nasi wenye masikio tulirithi kile kimya cha kungojea sauti ya kwanza.

Ile baraka ya mikono miwili haikurithiwa na mtu.