Asali Aliyokunywa Mbaraka

Kidonda cha punda, uliza tandiko. Mmeisikia leo, vijana, mkamtania aliyeisema kwamba kwao punda ni wengi kuliko kuku. Chekeni, lakini kaeni. Chimbuko la methali hii ni mtu aliyechoka, na hakuna uchovu mzito kama wa mwanamume anayeona haya kusema amechoka.

Paliondokea huko Kondoa mtu akiitwa Mbaraka. Punda wake walipandisha mchanga kutoka mtoni, naye nyuma yao, mrefu, mwenye sauti ya kufukuza fisi. Mwaka mmoja uchovu ukamwingia na haukutoka. Aliamka asubuhi kama mtu aliyebebeshwa mchanga wa punda wote. Kiu haikumwisha. Na kitandani, kile ambacho mwanamume hadhani kitamkimbia, kikamkimbia. Mara ya kwanza alisingizia joto. Mara ya pili, mgongo. Baadaye akawa anageukia ukutani kabla taa haijazimwa.

Mkewe, Mwajabu, hakuwa mtu wa kelele. Alingoja. Alipochoka kungoja, akasikia kwa majirani kwamba mumewe ana mwanamke kijijini Kolo, ndiyo maana nyumbani anarudi mtupu. Akamuuliza. Na hapo Mbaraka akafanya ujinga ambao kiburi peke yake ndicho kinachoufundisha: hakukana. Alitazama chini, akanyamaza kama aliyefumaniwa. Moyoni aliona heri aitwe mzinzi kuliko aitwe hanithi. Mzinzi hulaumiwa mchana na kusifiwa vijiweni. Hanithi, nani atamsifu?

Akaanza kujitibu kwa siri. Muuza dawa wa mnadani alimpa mizizi ya mkuyati: achemshe, akoroge na asali. Haikumfaa. Mwingine akamwambia tangawizi na tende, asali iwe nyingi. Akanywa. Wa tatu akampa karanga mbichi zilizosagwa, asali juu. Wote walimuuliza neno moja tu, "Tatizo lile?", naye akaitikia kwa kichwa, macho yakiwa kwenye vidole vya miguu. Akanunua hata vidonge visivyo na jina, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Siku hiyo moyo ulimwenda mbio akadhani anakata roho, na kilichosimama ni nywele tu.

Asali ya Kondoa ni tamu, na Mbaraka aliinywa kama adhabu. Kila alivyoinywa ndivyo alivyozidi kukonda.

Asubuhi moja Mwajabu alifunga nguo zake kwenye kanga.

"Narudi kwetu Haubi," alisema. "Mwite huyo wa Kolo aje akupikie. Sina nguvu ya kugombana."

Mbaraka alikuwa ameketi kizingitini. Alitaka kusimama amzuie, miguu ikakataa. Mara jirani yao Songoro akaingia uani akimburura punda mwenye kidonda mgongoni.

"Hodi humu! Mbaraka, mnyama huyu kanishinda. Nimempaka mafuta ya nyonyo, nimempaka majivu, hakiponi. Nipe dawa kali."

"Tandiko liko wapi?"

"Nimekuja na kidonda, bwana, tandiko la nini?"

"Mjinga we! Kidonda cha punda, uliza tandiko! Humo ndani kuna fundo au mwiba. Utampaka mpaka uzeeke, na kila ukimtwisha kinafunguka upya."

"Haya, usinile. Kweli mwenye wanawake wawili hakosi hasira." Songoro akaondoka na punda wake, akicheka.

Mwajabu hakucheka. Alikuwa akimtazama mumewe anavyohema kwa maneno yale machache.

"Baba Zuhura, mwenye hawara hunukia, huimba. Wewe unakauka. Unamaliza mtungi wa maji peke yako, na unapokojolea sisimizi wanajaa. Huyo wa Kolo anaitwa nani?"

Mbaraka akakwaruza kizingiti kwa ukucha.

"Mtaje jina, niondoke."

"Hayupo."

"Kasafiri?"

"Hayupo popote, Mama Zuhura. Mwili umenigomea. Nimekunywa kila dawa."

"Dawa ya ugonjwa gani?"

Mbaraka alizihesabu dawa vidoleni. Ugonjwa wenyewe? Hakuujua.

"Basi umepaka kidonda," Mwajabu alisema taratibu. "Tandiko nani kalitazama?"

Walikwenda zahanati pamoja. Mganga, mama mmoja mwenye miwani, aliuliza, na pale Mbaraka aliposhindwa kujibu, mkewe alijibu: kiu, kukonda, sisimizi. Wakamtoboa kidole, wakapima damu.

"Una kisukari, baba," mganga alisema. "Sukari ikizidi kwenye damu hudhoofisha mishipa, na mara nyingi hubisha hodi kwanza huko unakoonea haya. Umekuwa ukitumia nini?"

Mbaraka akataja moja baada ya jingine. Mganga akavua miwani.

"Umekuwa ukiulisha ugonjwa kwa kijiko."

Mwajabu hakwenda Haubi. Lakini msidhani palitokea muujiza. Palikuwa na vidonge, mboga za majani, chai chungu na kurudi kupima. Uchovu ulipungua polepole. Ile nguvu nyingine nayo ilirudi kwa kusitasita, siku ikija, siku isije, na wawili hao wakajifunza kuizungumza kama wanavyozungumza mvua.

Baadaye, mnadani, Mbaraka alimwona muuza nyama mmoja, mtu mzima mwenye kitambi, amesimama kwa yule muuza dawa, chupa ya asali mkononi, kichwa kimeinama. Akamwendea, akasema kwa sauti yake ile ya kufukuza fisi, "Ndugu yangu, hata mimi hilo lilinipata."

Watu wakageuka. Wakacheka. Akawaacha wacheke mpaka wakachoka, uso ukimwungua, lakini miguu haikukimbia.

"Weka chini chupa hiyo," akamwambia. "Kapime kwanza. Kidonda cha punda, uliza tandiko."