Kiboko na Vyeti Vitatu vya Usiku wa Bure

Nije, nisije?
— Njoo!
Nije na nini?
— Njoo na uongo mtamu!
Na nikija na aibu?
— Njoo nayo, tuicheke!

Haya, nisogezeeni mto wa kuegemea, maana mgongo huu umelala vitanda vya nchi nyingi na hakuna hata kimoja ulichokisamehe. Ngano ya leo sitaisimulia nikiwatazama usoni. Nitatazama vidole vyangu vya miguu. Mkijua kwa nini, msimwambie mtu.

Zamani hizo, wanyama walipokuwa wanasafiri kwa starehe na si kwa kukimbizwa, Mbuni alikuwa na nyumba za wageni. Moja ilikuwa ukingoni mwa mto. Tatu zilikuwa kule mbali, jangwani, kwenye mlima wa mawe. Mbuni akatangaza: ukilala kwangu, unapata pointi. Pointi zikijaa, unapata cheti. Na cheti kinasema: usiku mmoja wa bure jangwani, hoteli yoyote uitakayo, mradi isizidi pointi arobaini.

Kiboko aliposikia neno "bure", vijisikio vyake vikasimama. Tik! Tik!

Sasa Kiboko alikuwa na nyumba yake mwenyewe mtoni, nyumba nzuri, ya maji mengi na matope laini. Kutoka mlangoni kwake hadi nyumba ya wageni ya Mbuni ilikuwa hatua thelathini. Basi kila jioni Kiboko alibeba kifuko chake, akatoka kwake, akaenda kulala kwa Mbuni.

Mkewe, Mama Mashavu, akamwuliza:
"Baba Mashavu, leo unalala wapi?"
"Nalala hotelini."
"Kitanda cha huko kizuri?"
"Kinaniuma mbavu."
"Chakula je?"
"Mkate mkavu."
"Sasa kuna nini huko?"
"Kuna pointi!"

Akaondoka. Ndu, ndu, ndu. Njiani akaimba:

Nalala huku, naota kule,
pointi zangu, tumbo langu!
Nalala huku, naota kule,
pointi zangu, tumbo langu!

Masika yote akalala huko. Kiangazi chote akalala huko. Mashavu, mtoto wao, akaanza kumwita baba yake "mgeni". Mnacheka? Chekeni. Mimi siwezi. Nilipata kulala hoteli iliyotazamana na dirisha la jikoni kwangu, na mke wangu akanipungia mkono kwa mwiko.

Hatimaye Kiboko akapata vyeti. Si kimoja, si viwili. Vitatu! Juu ya kila cheti Mbuni alikuwa amechora bwawa la maji ya buluu, katikati ya mchanga. Chini yake, kwa herufi za sisimizi: kitumike kabla ya mwezi huu kuisha.

"Funga mizigo, mke wangu," Kiboko akasema. "Masika yote na kiangazi chote nimeteseka kwa ajili yako. Tunakwenda kuogelea jangwani."
Mama Mashavu akatazama mto uliokuwa unapita mlangoni kwake. Akamwachia mtoto dada yake, akafunga mizigo.

Tukiwaacha njiani, twende mbele kidogo tukamwone Pimbi.

Pimbi mnamjua. Ukubwa wa kikapu, mkia hana, jino la mbele linachungulia. Huyu alikuwa mpokea wageni wa hoteli zote tatu za jangwani, na jina lake Bi Mize. Alikuwa na watoto saba. Hoteli zenyewe Mbuni alizipanga kwa shingo yake ndefu: kwake yeye, cha juu ndicho cha thamani. Ya chini mlimani, pointi kumi. Ya katikati, pointi ishirini. Ya kileleni, pointi arobaini.

Na ile ya chini, ya pointi kumi, ndiyo iliyokuwa na bwawa. Lakini bwawa lenyewe, jamani! Chemchemi ya upana wa sinia la pilau. Tone, tone, tone, ndivyo ilivyojaa. Na hakukuwa na maji mengine hadi mvua za vuli. Watoto saba wa Bi Mize walikunywa hapo. Mijusi walikunywa hapo. Kware walikunywa hapo. Mgeni mwembamba akija, akichovya miguu, akashukuru, akaondoka, maji yalibaki.

Asubuhi moja Bi Mize akasikia ardhi inaongea. Ndu, ndu, ndu. Akapanda jiwe, akaona. Moyo wake ukafanya pa!

"Mama, nani yule?" watoto wakauliza.
"Ni mgeni."
"Atakaa kwenye chemchemi?"
"Akikaa mara moja tu, hamtakunywa tena."

Kumwambia "tumejaa" hakuweza, maana hoteli zote zilikuwa tupu na pua ya Kiboko ilishanusa maji. Kumkataza hakuweza, maana Mbuni alikuwa ameapa: atakayemzuia mgeni mwenye cheti, hana kazi. Na kumsukuma? Pimbi amsukume Kiboko! Bi Mize akapangusa jino lake, akashuka, akatabasamu.

"Karibuni, wageni wangu! Poleni na safari."
"Tumeshapoa," Kiboko akasema, huku anahema kama mvukuto. "Mimi ni mgeni wa hadhi ya dhahabu. Vyeti hivi hapa. Vitatu. Nipe hoteli yenye bwawa."
"Bila shaka, bwana mkubwa. Ni hii hii ya chini. Ya pointi kumi."
"Ya ngapi?"
"Kumi."

Kiboko akatazama cheti chake. Akatazama mlango wa hoteli. Akatazama cheti.
"Cheti changu ni cha arobaini."
"Nakiona, bwana mkubwa. Cha arobaini."
"Nikikitumia hapa, thelathini zilizobaki utanirudishia?"
"Cheti hakina chenji, bwana mkubwa."
"Cheti cha arobaini nikakizike kwenye kumi? Mimi? Puu! Hoteli nyingine ipo?"

"Baba Mashavu," mkewe akasema, "mimi nataka maji."
"Mke wangu, hesabu hizi wewe huziwezi."

Bi Mize akawapandisha mlimani. Katikati palikuwa na mgunga mpana, kivuli chake baridi, upepo wake mwanana.
"Hii ina nini?"
"Ina kivuli, bwana mkubwa."
"Ya pointi ngapi?"
"Ishirini."
"Cheti cha arobaini nikakizike kwenye ishirini? Mimi? Puu! Hoteli nyingine ipo?"

"Baba Mashavu, mimi nataka kivuli."
"Mke wangu, hesabu hizi wewe huziwezi."

Bi Mize akawapandisha tena. Wakapanda, wakapanda. Kileleni palikuwa na jiwe. Jiwe tupu, jeusi, bapa, limelala juani tangu dunia iumbwe.
"Hii ina nini?"
"Ina mandhari, bwana mkubwa."
"Na nini?"
"Na ukimya."
"Ya pointi ngapi?"
"Arobaini kamili. Haipungui, haizidi."

Kiboko akacheka hadi tumbo likatikisika. "Umeona, mke wangu? Ndiyo hii! Siku tatu, vyeti vitatu, hakuna hata pointi moja iliyoanguka chini!" Akamgeukia Bi Mize. "Na hadhi yangu ya dhahabu inanipa nini?"
"Inakupa jiwe pana zaidi, bwana mkubwa. Na siku ya kuondoka unaruhusiwa kukaa hadi alasiri."
"Bila malipo?"
"Bila malipo."
"Puu! Nachukua yote."

Sikilizeni vizuri: Pimbi hakusema uongo hata mmoja. Hilo ndilo lililomwuma baadaye.

Jua likapanda. Saa nne, Kiboko akasifu mandhari. Saa sita, ngozi yake ikaanza kulia kama samaki kwenye mafuta. Chwaa! Chwaa! Saa nane akatoka jasho lile lao jekundu, likatiririka hadi puani.

"Baba Mashavu, tushuke."
"Tukishuka, cheti kimepotea."
"Baba Mashavu, naungua."
"Ungua kidogo. Ni bure."

Mama Mashavu akainuka, akamwacha, akashuka peke yake. Alipofika mapokezi, midomo ilikuwa imepasuka. Hakugomba. Akasema tu, "Binti yangu, nisaidie maji ya kunywa, kama yapo."

Bi Mize akamwona. Akaona midomo ile. Alikuwa amepiga hesabu ya Kiboko. Ya mama huyu hakuipiga. Akashikwa na haya hadi masikioni. Akamwingiza katika pango la wafanyakazi, penye kivuli, akamletea kibuyu. Watoto saba wakapanga mstari kutoka kwenye chemchemi, kibuyu kikapita mkono kwa mkono, kidogo kidogo.

Mama Mashavu akanywa. Kisha akachungulia nje, akaiona chemchemi. Akaiangalia muda mrefu.
"Bwawa ndilo lile?"
"Ndilo lile, mama."
"Na watoto wako wanakunywa hapo?"
"Hapo tu, mama."
"Sasa mbona hukutuambia?"
Bi Mize akainama. "Ningewaambia, mngekubali?"
"Mimi ningekubali." Mama Mashavu akatazama juu kileleni, ambako kitu chekundu kilikuwa kinagaagaa. "Yeye, hapana."
Haya, kicheko chenu kimekwenda wapi?

Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili ikapita. Siku ya tatu ikapita. Kila asubuhi Bi Mize alipanda na kibuyu kimoja, akamwambia, "Bwana mkubwa, shuka, nakuomba." Na kila asubuhi Kiboko akajibu, "Bado nina cheti."

Siku ya nne, siku ya kuondoka, mkewe akampigia kelele kutoka chini, "Baba Mashavu, twende!" Naye akajibu kwa sauti kama mlango uliokosa mafuta, "Nina ruhusa hadi alasiri!" Akakaa hadi alasiri. Ndugu zangu, alikaa hadi alasiri!

Alasiri akashuka, matako mbele, anateleza. Kru, kru, kru. Ngozi imepasuka kama udongo wa shamba la mpunga baada ya mavuno. Akapita chini ya mgunga bila kuutazama. Akafika kwenye chemchemi, akapiga magoti. Si kwa adabu. Magoti yalikataa kusimama.

"Binti," akasema, "naomba nichovye hata kidole."
Watoto saba wakasimama mbele ya maji. Walikuwa wameandaa kicheko tangu juzi. Walipomwona karibu, hakuna aliyekitoa.

Bi Mize akasema, "Hapana, baba. Ukichovya, yatakwisha. Lakini lala hapo."
Kiboko akalala. Mtoto wa kwanza akaleta maji katika kifuu, akamwagia mgongoni. Chaa! Wa pili akamwagia. Chaa! Hadi wa saba. Wakarudia tena, na tena. Yule mnyama mkubwa, mwenye hadhi ya dhahabu, akaogeshwa na watoto wa ukubwa wa embe, huku mkewe anatazama pembeni kwa heshima.

Alipopata pumzi, Kiboko akafumbua jicho moja.
"Binti."
"Naam, baba."
"Asante. Ulinishauri vizuri. Ningechukua ile ya kumi ningejilaumu maisha yangu yote."

Bi Mize angetukanwa, angestahimili. Angepigwa, angekimbia. Hiyo asante ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Na neno moja la mwisho, binti. Siku hizi tatu zimeniongezea pointi ngapi?"

Bi Mize akamtazama Mama Mashavu. Mama Mashavu akaitikia kwa kichwa: mwambie.

"Usiku wa bure hauzai pointi, baba."

Kiboko akainamisha vijisikio vyake vidogo, akajaribu kufunika uso. Havikutosha. Akafunika jicho moja tu, na lile jingine likabaki wazi, likitazama chemchemi ya upana wa sinia, inayojaa tone, tone, tone.

Mkewe akamshika mkono. "Twende nyumbani, mgeni," akamwambia.

Wakaondoka polepole. Na hadi leo, ukimwona Kiboko amezama mtoni, pua tu ndiyo iko juu, usidhani anaogopa jua. Majirani walimwuliza, "Jangwa lilikuwaje?" naye akajibu, "Mandhari mazuri mno," kisha akazama haraka kabla ya swali la pili.

Na Bi Mize? Aliwaita watoto wake wakanywa. Maji yalikuwa yamepungua kina cha kidole kimoja tu. Yeye mwenyewe hakunywa siku ile. Alisema hana kiu.

Ngano nimeifikisha, mimi narudi nilikotoka. Mkiipenda, isimulieni kwa sauti. Msipoipenda, isimulieni kwa majirani wa mbali, wasiojua nyumba yangu ilipo.

— Na funzo lake?

Funzo? Funzo ni hili: cheti cha arobaini usikitumie kamwe kwenye hoteli ya kumi. Ni hasara. Na mwanamke akikuambia anataka maji, mweleze hesabu upya, taratibu, huenda safari hii akaelewa.