Mfalme wa Mpingo na Jabali la Jua

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mmesinzia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogezeni miguu, moto unatutosha sote.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakicheza sataranji kama sisi tunavyocheza bao, palikuwa na pimbi mmoja, binti, jina lake Mashavu. Alilelewa na babu yake katika pango la baridi chini ya kilima. Babu mifupa ilimuuma, na dawa yake ilikuwa moja tu: jua la asubuhi juu ya jabali la kileleni. Lakini jabali lilikaliwa na Bwana Nyani, na ukilitaka ilibidi umshinde sataranji.

Sheria yao ilikuwa hivi. Kila mchezaji alikuja na mfalme wake kutoka nyumbani. Ukiona mambo yamekuharibikia, ukamlaza mfalme wako kwa mkono wako mwenyewe, umeshindwa, lakini unaondoka naye. Akinaswa akiwa amesimama, anabaki kwa aliyemnasa, basi tena. Bwana Nyani alikuwa na wafalme kumi na wawili wa wenzake ndani ya tundu la mti.

Mfalme wa Mashavu alichongwa na Babu kwa mpingo, mwaka aliomuoa Bibi. Sasa Bibi hayupo, na mikono ya Babu inatetemeka. Hata mwiko hawezi kuuchonga.

"Nenda, mjukuu wangu," Babu akamwambia. "Jabali nikilikosa nitajifunika. Huyo mfalme nirudishie."

Siku ya kwanza Mashavu akapanda, akapanda, akapanda. Mchezo ulipomchanganya kidogo tu, nyani wadogo wakaanza kuimba, "Mlaze! Mlaze! Mlaze!" Mashavu akaogopa, akamlaza mfalme, akarudi mbio.

Babu akaupanga mchezo ule kwa kokoto. "Mbona ulikuwa na njia hapa? Umemlaza mchana kweupe, mwenyewe hana hata usingizi." Akacheka hadi akakohoa.

Siku ya pili akapanda, akapanda, akapanda. Safari hii alikwenda na hasira. Akamtuma waziri wake mbali kula askari wawili wa Nyani, akasahau kwamba mfalme kasimama peke yake katikati ya ubao. Ngome ya Nyani ikashuka. Mashavu akang'ang'ania, jasho likimtoka, akamlaza imebaki hatua moja anaswe. Akashuka amemkumbatia mfalme kifuani, analia.

Babu hakucheka. Alimfuta mfalme vumbi, kisha akamfuta Mashavu machozi. "Jiulize matatu tu. Mfalme yuko wapi? Nani kasimama mbele yake? Bado una la kufanya? Ukikosa la kufanya, mlaze, uje tule."

Siku ya tatu akapanda, akapanda, akapanda. Kabla ya jambo lolote akamweka mfalme pembeni, nyuma ya askari watatu, na askari wale hakuwagusa tena.

"Wako anajificha," Nyani akasema. "Wangu hajawahi kujificha, wala hajawahi kulala."

Akashambulia. Akala farasi wa Mashavu. "Mlaze! Mlaze! Mlaze!" wakaimba wadogo, na mkono wa Mashavu ukamfikia mfalme. Ukasimama hapo. Mfalme yuko wapi? Pembeni. Nani mbele yake? Askari watatu. Bado nina la kufanya? Akautazama ubao tena, akamwona mfalme wa Nyani katikati, yuko wazi, hana mtu. Mkono ukamwacha mfalme, ukamshika waziri.

Hatua ya kwanza. Hatua ya pili. Ikabaki moja.

Wadogo wakanyamaza. Nyani akautazama ubao, na Mashavu akaona vidole vyake vinatetemeka, vilevile kama vya Babu. Mfalme wa Nyani alikuwa wa mfupa, umesuguliwa na mikono ya wengi waliotangulia. Mashavu alimhurumia kwa kweli.

"Bwana Nyani, nimeingiwa na mdudu jichoni," akasema, akageuza uso. "Nangoja kidogo."

Kisha Nyani akauliza kwa sauti ndogo, "Analazwaje?"

"Kwa ubavu," Mashavu akajibu bila kugeuka. "Polepole."

Asubuhi yake Mashavu akampandisha Babu kileleni, wakipumzika kila baada ya mawe matatu. Babu akakaa, jua likampiga magotini, akafumba macho. Mfalme wa mpingo alikuwa mfukoni mwake.

Bwana Nyani alisimama mbali, amekumbatia wafalme kumi na wawili, hajui aanzie kwa nani kuwarudisha.

"Njoo ukae," Babu akamwita. "Jabali hili ni pana."

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya jabali, na kama mna baridi, sogeeni, nanyi mtapata nafasi.